Makaa Yasiyo na Moshi

Mwanangu Rukia,

Umetoka na binamu yako kwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo ya kuagana, na mimi nimebaki mezani na karatasi hizi. Sanduku lako liko ukumbini, limefungwa kamba juu ya zipu kwa sababu mimi mama yako siamini zipu. Mambo ya sweta na soksi, na jinsi ya kuoga maji ya baridi ya huko bweni Nyahururu, umeshaambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii, hata muuza kahawa wa pembeni, ambaye sidhani kama amewahi kuvuka Mariakani. Sitayarudia.

Nakuandikia kwa ajili ya swali uliloniuliza jikoni ukiwa na ndimu mkononi. Hukuliuliza kama swali, lakini lilitaka jibu, nami sikujibu.

Naandika polepole, nikisoma kila mstari mara mbili kabla ya kwenda kwa unaofuata. Ndiyo kazi inayotulisha: kukaa katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini na kuhakikisha kwamba jina la bidhaa kwenye karatasi hii ni lile lile lililo kwenye karatasi ile. Mutua, tunayekaa naye meza moja, hunicheka. "Zuhura," husema, "wewe hata ukisalimiwa utataka salamu ipigwe muhuri." Wenzangu hucheka na mimi hucheka nao. Hawajui kwamba karatasi zenye alama ya kemikali za hatari huzisoma mikono yangu ikiwa na jasho, na kwamba nikishazipitisha hurudi tena kuzitazama. Mimi ni mtu wa kuogopa, mwanangu. Umenijua hivyo tangu ulipopata akili, na huenda ukadhani nilizaliwa hivyo.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka shule ya Tudor ukilia, mwanzo wa kidato cha pili? Ulitupa mkoba ukasema, "Mama, mwalimu asema kila kitu kimeshikana kwa vitu visivyoonekana, kisha atwambia tuvichore. Mtu huchoraje asichokiona?"

Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kukuona unalia kwa jambo lile. Kemia ilikuwa somo langu. Kama nisingeolewa mara tu baada ya mtihani wa mwisho, labda ningekuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa sasa, nimevaa koti jeupe, nikisoma vibandiko vya chupa mara mbili mbili. Nikakutuma dukani, ukarudi na ndimu, vijiti vya meno na pakiti ya mabuyu mekundu. Ndimu zikawa atomu, punje za mabuyu zikawa elektroni, na sakafu ya jikoni ikawa maabara yetu.

Zilikuwa jioni nzuri zile. Tulifanya chumvi: ndimu moja inampa mwenziwe punje moja, basi, wanashikana kwa sababu huyu ametoa na yule amepokea. Tulifanya maji: oksijeni katikati, hidrojeni mbili pembeni, kila upande punje mbili za kushirikiana. Ukauliza kwa nini kwenye kitabu maji yamepinda, hayakunyooka kama kijiti. Nikakuonyesha zile jozi mbili za oksijeni zilizobaki juu, ambazo hazikushika mtu, lakini zinawasukuma wenziwe chini.

"Kumbe ni kama mashangazi harusini," ulisema. "Hawashiki kazi yoyote, lakini kila mtu lazima awapishe."

Bibi yako alikuwa mlangoni akichambua mchicha. Alicheka mpaka sinia ikamtoka. "Hata maji yana mashangazi! Zuhura, haya ndiyo mliyokuwa mkifundishwa huko?" Akaingia, akaokota punje mbili kutoka kwenye molekuli yetu, akazitia mdomoni.

"Bibi! Umekula elektroni za oksijeni!"

"Nitamlipa akhera," akasema, akaendelea na mchicha wake.

Nayaandika haya kwa sababu nataka nawe uyaone tena. Wewe na Bibi mlikuwa hivyo. Ulikuwa ukilala kitandani kwake ijapokuwa una chako.

Kisha tukafika kwenye ile molekuli. Ilikuwa kwenye orodha ya zoezi lako, baada ya amonia. Kaboni monoksidi. Ndimu mbili tu. Kaboni ina punje nne za nje, oksijeni ina sita, na kila mmoja anataka afikishe nane. Wakishirikiana kwa jozi mbili, oksijeni anatosheka, lakini kaboni bado amepungukiwa. Basi oksijeni anaichukua jozi yake mwenyewe, punje zote mbili, na kuiweka katikati yao. Kaboni hatoi kitu hapo. Anapokea tu. Zinakuwa jozi tatu katikati, na kila mmoja anabaki na jozi moja mgongoni.

Uliipanga vizuri. Kisha ukasoma kwa sauti maelezo ya chini ya mchoro: kwamba hewa hii hupatikana makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha, kwamba haina rangi wala harufu, kwamba kwa ile jozi ya mgongoni, kaboni hushikana na chuma kilicho ndani ya damu, na hukishika kwa nguvu kuliko oksijeni, hata oksijeni ikija haipati pa kukaa.

Ukaiokota ndimu ya kaboni. Nilikuwa najua unachokiwaza kabla hujafungua mdomo.

"Mama. Hii ndiyo iliyomchukua Nassor?"

Nassor, ndugu yako, ambaye hakutimiza hata siku zake arobaini. Tulikuwa hatulitaji jina hilo jikoni. Tulikuwa hatulitaji popote. Nikainuka, nikachukua sufuria iliyokuwa safi, nikaanza kuiosha. Na nyuma yangu ukasema, kwa sauti ndogo ya mtoto wa miaka sita, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwako muda mrefu, "Mimi ndiye niliyefunga dirisha."

Nilikusikia, Rukia. Nikafungua mfereji zaidi ili ionekane kwamba sikusikia. Nilipogeuka, ndimu zilikuwa zimerudishwa kapuni na wewe hukuwepo.

Tangu hapo umekuwa mgeni katika nyumba hii. Ulirudi kulala kitandani kwako. Bibi akikuita, unamjibu ukiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Zilipotangazwa nafasi za uhamisho kwenda shule za bweni, ulijaza mwenyewe, na ukachagua ya mbali kuliko zote. Watu wakanipongeza kwa binti mwenye ari. Bibi yako peke yake alisema, "Mjukuu wangu yuwanihama hata kabla ya kuhama." Nami nikamwambia ni umri, mama, wasichana wa umri huu ndivyo walivyo.

Halafu likaja la juzi. Alikuja chumbani kwako na chetezo, amekitia vijikaa na udi, azifukize nguo zako za safari kama alivyonifukizia mimi nilipoolewa. Ulikuwa umekaa kitandani. Mimi nilikuwa nikikunja mashati yako ya shule.

"Bibi, utoe moto wako humu."

"Ni chetezo tu, mama. Nafukiza nguo zako, ufike kwa watu wanukia kwenu."

"Moto ni moto. Wewe hujui tu ulichokifanya."

Akasimama pale, moshi wa udi ukimpanda usoni. "Kuna nisilolijua?" akauliza. Hakukuuliza wewe. Aliniuliza mimi. Nawe ukanitazama. Mlinitazama nyote wawili, na mimi nikautazama ukosi wa shati, nikaukunja, nikaukunjua, nikaukunja tena. Bibi akatoka na chetezo chake. Nilimsikia akikimwagia maji uani.

Sasa nitakueleza siku ile. Sijapata kuieleza kwa mtu.

Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, ile mvua ya Mombasa inayoingia kwa ubavu, na vichochoro vyetu vilikuwa vimejaa maji mpaka kizingitini. Nilikuwa ndani ya arobaini, nimelala chumba cha nyuma na Nassor ubavuni. Unajua mzazi wa kwetu anavyotunzwa siku hizo: hatoki, haguswi na baridi, anakandwa kwa maji ya moto, anafukizwa. Na Bibi yako ndiye aliyekuwa akiitwa mtaa mzima kwa kazi hiyo. Mwanamke akijifungua hapa Mji wa Kale, kabla ya kuulizwa ni mtoto gani, huulizwa kama Bi Mwanaisha ameshapelekewa habari. Sasa zamu ilikuwa ya binti yake mwenyewe. Hakulala. Alikuwa na furaha ya kumtosha mtu kuimba.

Siku hiyo Nassor alikuwa na baridi mikononi. Bibi akaiwasha seredani, jiko lake la makaa, kule uani chini ya mabati. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, na kama kila mwanamke wa mtaa huu anavyojua: makaa hayaingizwi ndani yakiwa na moshi. Alipepea, akangoja, akapepea tena, mpaka makaa yote yakawa mekundu na moshi ukaisha kabisa. Hapo ndipo alipoyaleta, akaiweka seredani karibu na kitanda. Chumba kikawa na joto zuri. Nassor akaacha kulia.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma.

"Mama," nikamwambia, "yale makaa."

"Yana nini?"

"Nahisi kichwa kizito. Labda ni moshi."

"Moshi upi, Zuhura? Tazama wewe mwenyewe. Yashawaka, hayana moshi tena. Kichwa ni cha kukosa usingizi. Mzazi gani asiyeumwa kichwa?" Kisha akacheka, akawaambia majirani waliokuwa ukumbini, "Huyu binti yangu kasoma, atanifundisha na kuzaa!" Nao wakacheka, kwa wema tu, na mmoja akaitikia, "Mwache, Bi Mwanaisha, akipata wa tatu atasahau vitabu."

Mwanangu, nilikuwa najua. Hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Bibi yako alikuwa akiuangalia moshi, kwa kuwa moshi ndio alioambiwa auogope. Mimi nilijua kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ndani ya chumba kilichofungwa ndiyo yanayotoa ile hewa. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani. Niliichora ile molekuli, jozi tatu katikati, nikaweka mshale mdogo kuonyesha jozi ambayo oksijeni aliitoa peke yake, na mwalimu akaionyesha karatasi yangu darasani. Niliyajua yote, na yalikuwa pale kichwani pamoja na yale maumivu. Lakini nilikuwa binti aliyelala chini ya mikono ya mama yake, na wanawake walikuwa wamecheka, na sikutaka kuwa msomi aliyemkosoa mama katika kazi yake mbele ya watu. Nikajiambia: dirisha liko wazi kidogo. Panatosha.

Kisha mvua ikageuka. Ikaanza kuingia dirishani na kumrukia Nassor usoni. Bibi alikuwa amekwenda kuwaandalia wageni chai. Wewe uliingia, umevaa buibui lako dogo la chuo cha Kurani, umekuja kuniaga.

Mimi ndiye niliyekuambia. "Rukia, mama, funga dirisha hilo. Mvua yamrukia mwana."

Komeo lilikuwa juu. Ulivuta kigoda, ukapanda, ukahangaika na mbao zile zilizovimba kwa maji. Nilikuona ukisukuma kwa bega. Ulipoweza, uligeuka uso wako wote ukiwa meno, ukasema, "Nimeweza mwenyewe!" Nami nikasema, "Ahsante, mama. Haya, nenda chuo, na mlango uurudishe."

Wewe umebaki na kigoda na komeo. Umebaki na bega lako na zile mbao. Iliyokutoka kumbukumbuni ni sauti yangu, na ndiyo iliyofanya yote. Mkono ulikuwa wako, neno lilikuwa langu, na aliyesema neno lile alikuwa na akili zake, alikuwa ameyatazama makaa, na alikuwa anajua. Nilipima mambo mawili, baridi ya mvua na yale niliyoyasoma, nikachagua kuiogopa mvua, kwa sababu mvua ilikuwa inaonekana.

Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa. Ulirudi kutoka chuo ukitaka kunisomea sura uliyoihifadhi siku ile. Ukagonga. Ukaita. Wageni walikuwa wameondoka, na Bibi alidhani nimelala, akasema usinisumbue. Hukumsikiliza. Ukaufungua mlango, ukaanza kusoma sura yako palepale kizingitini, na ulipofika katikati na mimi sijakujibu kitu, ukapiga ukelele. Ni kwa sababu ya mlango ule, na ukelele ule, kwamba mimi niko hapa ninaandika. Daktari alimwambia Bibi hivyo hivyo: mngechelewa kidogo, mngekuwa mnazika wawili.

Niliamka hospitali, nimefunikwa uso kwa kifaa cha hewa, oksijeni ikisukumwa ndani yangu ili ipiganie nafasi yake kwenye damu. Nilitambua mara moja ilikuwa inafanya nini. Hata kabla sijamuuliza mtu habari za mwanangu, nilikuwa nikiiona ile kaboni ikiachia, moja baada ya moja. Mtoto mchanga damu yake ni kidogo, na pumzi zake ni nyingi. Hilo pia nilikuwa nimelisoma.

Baba yako alikuja kesho yake kutoka Lamu, akazika. Hakuuliza kitu. Wala hakukaa nasi sana baada ya hapo. Hilo unalijua, na si la leo.

Aliyeuliza ni Bibi. Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda changu. "Zuhura," akasema, "daktari asema ni moshi wa makaa. Lakini wewe ulikuwepo. Uliona moshi?"

"Sikuona, mama."

"Hapakuwa na moshi."

"Hapakuwa na moshi."

"Basi ni kudra ya Mola," akasema, akapangusa uso kwa kanga. Nami nikaitikia. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uwongo. Ningemweleza hewa ile ilivyo, ningemweleza pia kwamba nilikuwa ninajua, na la dirisha lingefuata. Nilimwachia kudra nikajificha nyuma yake.

Hakuingiza tena makaa chumbani, japokuwa hakuna aliyemwambia. Wala hakukubali tena kumtunza mzazi yeyote. Walikuja kumwita, akasema mgongo. Watu walidhani ni uzee. Kazi yake yote ya maisha aliiacha kwa sababu ya kitu ambacho hakukijua, na binti yake aliyekijua alikuwa chumba cha pili. Na katika nyumba nyingine za mtaa huu, wanawake wengine waliendelea kungoja moshi uishe kisha wakaingiza seredani. Kila nikisikia mtu amejifungua, hupita chini ya dirisha lake nitazame kama liko wazi. Hupita tu. Sijawahi kubisha hodi.

Leo alasiri nilichukua ndimu mbili na mabuyu, nikaingia kwa Bibi.

Alidhani nimemletea kitu cha kutafuna. Nikakaa chini miguuni pake, nikampangia. Sikutumia maneno ya kitabuni. Nilimwambia huyu ndiye yumo ndani ya makaa, na huyu yumo katika hewa tunayovuta. Wakikutana penye hewa tele huwa kitu kingine, na wakikutana mahali palipofungwa huwa hivi. Nikamwonyesha jozi ya mgongoni. Nikamweleza inavyoishika damu. Nikamwambia haina moshi, haina harufu, na hata angekuwa na macho mia asingeiona.

Akaichukua molekuli ile mkononi, akaigeuza. Akagusa punje za katikati kwa kidole.

"Hizi mbili ni za nani?"

"Zilikuwa za huyu, oksijeni. Alizitoa yeye peke yake. Sasa ni za wote wawili."

"Na mtu akija sasa, asiyeona zilivyowekwa, aweza kujua zilitoka kwa nani?"

"Hawezi, mama. Zikishaungana, zote ni sawa."

 Ndipo nikamwambia kwamba nilikuwa ninajua tangu siku ile, tangu kichwa kilipoanza kuniuma. Nikamwambia la dirisha. Nilisema nikiitazama mikono yake, kwa hiyo sijui uso wake ulikuwaje.  Mikono iliendelea kuishika ile ndimu.

Nilitarajia anipige. Ningependa angenipiga. Alichosema ni hiki: "Na Rukia ajua kwamba ni wewe uliyemwambia afunge?"

"Sidhani, mama. Nadhani amekumbuka mkono wake tu."

"Miaka yote hii?"

"Nimelijua mwaka jana tu, jikoni. Sikumjibu."

"Basi umekuja kwa mtu siye," akasema. "Mimi ni mzee, nilishajizoesha. Nenda kamwambie mwanao."

Nilipofika mlangoni akaniita. Alikuwa analia sasa, bila sauti, kama anavyolia. "Nami sitamwita, Zuhura. Nimemwita mwaka mzima. Mwambie tu mlango u wazi."

Rukia, sikuombi umsamehe mtu. Hujui bado nani wa kusamehewa, na mimi nimeishi nalo miaka yote na silijui vizuri. Ukinikasirikia mimi, utakuwa umeikasirikia sehemu iliyo yangu, na nitaipokea. Kuna jambo moja tu ambalo nina hakika nalo kama nilivyokuwa na hakika na mchoro wa mtihani: katika molekuli ile wewe hukuweka punje hata moja. Uliingia siku ile mara mbili. Mara ya kwanza ulitii. Mara ya pili hukutii, na mimi nikapata kuishi.

Unakwenda mahali pa baridi, ambapo watu huota moto. Utakuta marafiki, watakukaribisha makwao wakati wa likizo fupi, na mama wa mtu atayaleta makaa yake mekundu ndani kwa mapenzi yote ya dunia. Watakucheka, watakuita msomi, mtoto wa pwani asiyejua baridi. Inuka ufungue dirisha. Mimi sikuweza. Sikufundishi hili, nakuomba.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii sandukuni, katikati ya mashati, uikute utakapofika. Nilishaikunja nikaenda nayo ukumbini. Ndipo nilipojiona: ni mimi tena, ninachagua mahali ambapo sitakuwepo wakati wa kusomwa. Na ukiisoma Nyahururu, Bibi atakuwa huku, nawe utakuwa umeshaondoka bila kumbusu mkono. Uzee wake umeuona. Hatuna ahadi kwamba utamkuta likizo ya Aprili.

Basi naiweka juu ya mto wako. Ninawasikia kwa mbali, wewe na binamu yako, mnakuja na kichochoro mkicheka. Taa ya Bibi bado inawaka. Amekaa kitandani, bado amevaa kanga yake ya kutokea. Dirisha la chumba chake amelifungua lote, na kile kigoda amekiweka karibu na kitanda, mahali pa mtu kuketi.

Mama yako,
Zuhura